UCHAMBUZI: Pesa ni haba, darubini ya usiku ichaguliwe kwa makini

Serikali ya Marekani iliposimamisha rasmi shughuli za shirika lake la misaada, USAID, mnamo Julai 1, 2025, hifadhi nyingi za jamii kaskazini mwa Kenya zilipoteza mfadhili ambaye zilikuwa zimemtegemea kwa miaka mingi. Mishahara ya walinzi, mafuta ya magari na redio za mawasiliano ndizo gharama ambazo kamati yoyote ya hifadhi italazimika kuzikabili kwanza. Hata hivyo, kuna kifaa kingine ambacho ni rahisi kukifuta kwenye orodha kwa kukidhania anasa au, vibaya zaidi, kukinunua kwa pupa kwa sababu tangazo limekisifu. Kifaa hicho ni darubini ya kuonea usiku.

Si anasa. Katika nchi iliyo kwenye ikweta, giza hudumu takriban saa 12 kila siku, mwaka mzima, na jangili hahitaji kufundishwa kwamba saa hizo ni zake. Mbuga za Tsavo Mashariki na Magharibi pekee zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hakuna idadi ya walinzi inayoweza kulizingira eneo kama hilo kwa macho matupu.

Kenya yenyewe ina ushahidi wa kutosha. Mnamo Machi 2016, shirika la WWF lilianza kutumia kamera za joto za kampuni ya FLIR katika eneo la Maasai Mara, mojawapo ikiwa imefungwa juu ya gari la doria. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo, wawindaji haramu zaidi ya 20 walikuwa wamekamatwa kwa usaidizi wa kamera hizo. Mwaka 2020 ukapita bila hata faru mmoja kuuawa na majangili nchini, jambo ambalo halikuwa limeshuhudiwa kwa takriban miongo miwili. Itakuwa ni kutia chumvi kuzipa kamera sifa hiyo yote. Janga la Covid-19 lilikuwa limefunga mipaka, na ulinzi wa faru ulikuwa umeimarishwa kwa njia nyingi. Lakini kwa mnyama ambaye idadi yake humu nchini iliporomoka kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi kama 400 miongo miwili baadaye, jicho la ziada gizani si jambo la kupuuzwa.

Tofauti ni kwamba mradi ule ulikuwa na wafadhili wenye mifuko mirefu. Swali linaloikabili hifadhi ndogo ya Samburu, Laikipia au Taita Taveta ni jingine kabisa: iwapo kuna shilingi laki tatu tu, zinunuliwe nini?

Madukani na mitandaoni, vifaa hivi huuzwa vyote kwa jina moja ilhali ni vitu vitatu tofauti.

Cha kwanza ni kile cha asili, kinachokusanya mwanga hafifu wa mwezi na nyota na kuuzidisha mara maelfu kupitia bomba maalumu la kielektroniki. Wanajeshi wa Marekani walivitumia vifaa hivi katika vita vya Vietnam miaka ya 1960, na tangu hapo vimepita vizazi kadhaa. Kizazi cha tatu ndicho kinachosifika, na kwa haki, kwa kuwa picha yake ni safi hata katika usiku wa nyota tupu. Bei yake nayo huanzia takriban dola 3,000, yaani karibu Sh390,000, na sheria za Marekani hudhibiti vikali uuzaji wake nje ya nchi hiyo. Hifadhi yenye laki tatu isipoteze muda hapo.

Mtego upo katika kizazi cha kwanza. Hiki hupatikana kwa bei ya kuvutia, na muuzaji hatasita kukuambia kwamba ni teknolojia ile ile ya kijeshi. Ni kweli, isipokuwa ni ya kijeshi ya miaka 60 iliyopita. Picha huwa na ukungu pembeni, taa ya gari ikikijia ghafla huzidiwa, na usiku usio na mwezi hakioni chochote bila kuwashiwa taa yake ya infraredi. Kwa maoni yangu, hakuna sababu ya mtu yeyote kununua kifaa hiki leo.

Cha pili ni darubini ya kidijitali. Hii ni jamaa wa karibu wa kamera ya simu, ila kihisi chake kimeachwa kipokee mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu halioni. Hupatikana kwa kati ya Sh20,000 na Sh50,000, huhifadhi picha na video, haidhuriki ikitumiwa mchana, na inaweza kuonyesha sura ya mtu au nambari ya gari mradi umbali si mkubwa. Kwa mlinzi wa shule, shamba la maua au ghala, hiyo inatosha.

Kwa doria ya kukabiliana na majangili wenye silaha, ina kasoro moja kubwa. Gizani totoro huhitaji kurusha mwale wake wa infraredi. Taa zinazotumia mawimbi ya nanomita 850 huonekana kama kijinga chekundu hafifu kwa aliye mbele yako. Zile za nanomita 940 hazionekani kwa jicho, lakini hazifiki mbali. Aidha, mwale wowote kati ya hiyo miwili humulika kama kurunzi kwa mtu mwingine mwenye darubini kama yako. Jangili aliyenunua ya Sh20,000 atamwona mlinzi kabla mlinzi hajamwona yeye.

Cha tatu ni darubini ya joto. Hii haihitaji mwanga wowote, wala hairushi chochote. Hupokea joto linalotoka kwenye miili na vitu na kulichora kama picha, hivyo mtu aliyejificha nyuma ya majani machache hujitokeza kama kaa la moto jikoni. Miaka 15 iliyopita bei yake ilikuwa ya kijeshi. Ushindani wa kampuni za China, zikiwemo Hikmicro na InfiRay, umeziteremsha zile ndogo za mkononi hadi takriban dola 400 au 600, yaani kati ya Sh52,000 na Sh78,000 kabla ya usafirishaji na ushuru. Hapa ndipo hifadhi yenye bajeti finyu inapofaa kuelekeza macho, ingawa si kila darubini ya joto itafaa.

Tangazo la kawaida litanadi kwamba darubini fulani humwona mtu akiwa umbali wa mita 1,200. Tuichunguze kauli hiyo kwa hesabu ambayo mwenyekiti wa kamati anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

Kihisi cha kisasa cha joto huwa na vitone vya kunasa picha, yaani pikseli, vyenye upana wa maikromita 12 kila kimoja. Kikiwekewa lenzi ya milimita 25, kila kitone hufunika takriban sentimita 4.8 za kitu kilicho umbali wa mita 100. Kwa mita 1,200, kitone kimoja hufunika karibu sentimita 58. Mtu mzima, basi, ni vitone vitatu kwenda juu na kimoja kwenda upande. Ni kweli darubini "imemwona". Lakini alichoona mlinzi ni chembe nyeupe ambayo yaweza kuwa mtu, swara, au jiwe ambalo halijapoa.

Mnamo mwaka 1958, mtafiti wa jeshi la Marekani aitwaye John Johnson alipima ni maelezo kiasi gani jicho huhitaji katika picha ili lifanye uamuzi. Vigezo vyake vingali vikitumika. Tukivigeuza kuwa vitone, jicho linahitaji takriban viwili katika upana wa kitu ili kung'amua kwamba kipo, vinane ili kutambua ni kitu cha aina gani, na kama 13 ili kukipambanua kwa undani. Hata hapo, nafasi ya kuwa sahihi ni nusu kwa nusu.

Tumchukulie mtu kuwa na upana wa wastani wa sentimita 75. Darubini yetu ya lenzi ya milimita 25 itang'amua kuwapo kwake katika mita 780 hivi. Itatambua kwamba ni binadamu wala si mnyama katika mita 195. Kupambanua kwa undani, kama vile iwapo alichobeba begani ni bunduki au fimbo, ni hadi mita 120. Mita 1,200 za tangazo zimekuwa 120 za kazini, na 120 hizo ni katika usiku mzuri.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Watu wengi hulipia zaidi kihisi cha pikseli 384 kwa 288 badala ya 256 kwa 192 wakidhani wataona mbali zaidi. Lenzi ikiwa ile ile na ukubwa wa vitone ule ule, umbali haubadiliki hata kidogo. Kinachoongezeka ni upana wa eneo linaloonekana: kwa mita 100, kihisi kidogo huonyesha ukanda wa mita 12, cha kati mita 18, na kile kikubwa cha 640 mita 31. Kwa anayelinda bonde lenye vichaka, upana huo una thamani kuliko umbali, maana anayetazama kupitia tundu la mita 12 atachoka kugeuza shingo kabla hajamaliza upande mmoja wa mlima.

Kwa hivyo hifadhi yenye vichaka vizito, ambako hakuna anayeona zaidi ya mita 80 hata mchana, inaweza kuchukua kihisi kidogo chenye lenzi fupi ya milimita 10. Hiyo huona ukanda wa mita 31 kwa mita 100 na humtambua binadamu katika mita 78 hivi. Nyanda za wazi za Mara au Amboseli zinataka lenzi ndefu. Uchaguzi huo haugharimu pesa nyingi. Unahitaji tu mtu aliyeitembea ardhi yenyewe awe kwenye kikao cha ununuzi.

Sifa nyingine zisitusumbue sana. Picha ibadilike angalau mara 25 kwa sekunde. Zile za mara tisa hufanya mtu anayekimbia aonekane akirukaruka. Uwezo wa kutofautisha joto uwe chini ya sehemu 40 za elfu za digrii moja, hasa kwa maeneo yenye unyevu kama vile Aberdare, kwani mvua na ukungu hulififisha joto. Rangi za kupendeza za skrini ni mapambo.

Kuna uamuzi mmoja, hata hivyo, ambao unagusa uhai wa watu: je, kifaa kiwe cha mkononi au cha kufungwa juu ya bunduki?

Kwa bei inayokaribiana, zile za bunduki huvutia zaidi. Zina alama ya shabaha, na baadhi huweza kuhesabu hata mshuko wa risasi. Zilitengenezewa kwanza wawindaji wa Ulaya na Marekani wanaotoka usiku kuua nguruwe mwitu na mbweha. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mnamo mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuulegeza msimamo huo. Isitoshe, walinzi wengi wa hifadhi za jamii hawana bunduki. Wanaobeba silaha za serikali ni wachache. Kufungua jicho la usiku kwa mtu mmoja mwenye bunduki na kuwaacha wenzake watano vipofu ni matumizi mabaya ya fedha.

Kasoro iliyo kubwa zaidi ni kwamba anayetazama kupitia darubini ya bunduki humwelekezea mtutu kila anayemtazama. Akitaka kujua ile chembe nyeupe ni nini, tayari kidole ki karibu na kifyatulio. Na nani hutembea usiku katika nyika za Isiolo na Laikipia? Jangili, ndiyo. Lakini pia mchungaji anayemtafuta ngamia aliyepotea, mwanamke anayewahi foleni ya kisima, na familia inayohamisha mifugo gizani kuepuka jua. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilipokosa kunyesha ipasavyo, wafugaji walitembea masafa marefu wakifuata maji na malisho, na si mchana pekee.

Darubini ya joto haina njia ya kuwatofautisha watu hao. Haisomi sura, haioni rangi ya shuka wala beji ya mlinzi mwenzako aliyetokea upande wa pili wa bonde. Fimbo ya mchungaji na bunduki ya jangili zote hupoa usiku, zikawa mstari mweusi begani. Tumekwisha kuona kwamba hata mstari huo hauonekani vyema zaidi ya mita 120. Kifungu cha 26 cha Katiba humhakikishia kila mtu haki ya kuishi, na hakina kipengee cha waliokosewa kwenye skrini ya joto.

Ndiyo maana napendekeza darubini ya mkononi ya jicho moja, isiyofungika kwenye bunduki, na kando yake tochi kali ya Sh5,000. Joto hutafuta, tochi ndiyo hutambua. Mlinzi aliyekwisha kujua mtu yuko wapi anaweza kuwapanga wenzake kwa redio, wakajificha penye kinga, kisha wakamulika na kumwamuru asimame. Hapo ndipo sura huonekana. Utaratibu huo ni wa polepole kuliko risasi, na umewekwa uwe hivyo.

Baadhi ya walinzi watapinga kwamba mwenye tochi hujianika. Hoja yao ina uzito, na haijibiwi kwa maneno ya ofisini. Tochi ishikwe mbali na mwili au iwekwe juu ya jiwe, na anayemulika asiwe ndiye anayetoa amri. Mafunzo ya siku tatu kuhusu jambo hilo pekee yatawafaa walinzi kuliko kihisi cha bei mara mbili.

Yapo pia mambo ya hali ya hewa ambayo vijitabu vya maelezo, vilivyoandikiwa nchi za baridi, havielezi. Katika maeneo ya joto kama Samburu na Tsavo, mawe na mchanga hubaki na joto la jua kwa saa kadhaa baada ya magharibi. Ardhi inapokaribia joto la mwili, mtu humezwa na mandhari, kisha hujitokeza kadiri usiku unavyopoa. Picha bora hupatikana kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, na ratiba ya doria inafaa kulizingatia hilo. Vilevile, darubini ya joto haioni kupitia kioo. Mlinzi aliyeketi ndani ya gari akiwa amefunga dirisha atajiona mwenyewe tu.

Betri nazo zimewahi kuua miradi mizuri. Darubini ndogo hudumu saa nne au tano kwa chaji moja, ilhali usiku una saa 12. Ile ambayo betri yake imefungiwa ndani itakuwa jiwe saa sita usiku. Chagua inayotumia betri za kutoa na kuingiza, za aina inayopatikana kwa urahisi Nairobi, na ununue tatu kwa kila kifaa. Lenzi pia ichungwe. Hutengenezwa kwa madini ya jerimani, si kwa kioo cha kawaida, na tangu Agosti 2023 China, mzalishaji mkuu wa madini hayo, imekuwa ikidhibiti uuzaji wake nje. Lenzi iliyokwaruzwa kwa kufutwa na kona ya shati haipati mbadala wa bei ya mchezo.

Kwa mfano, laki tatu zinaweza kugawanywa hivi: darubini mbili za mkononi, ambazo zikijumlishwa na usafirishaji, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za forodha zinaweza kufikia Sh200,000, betri za akiba, chaja na tochi Sh30,000, paneli ya sola ya kambini Sh30,000, na Sh40,000 za mafunzo. Mbili, wala si moja nzuri zaidi, kwa sababu kilicho kimoja kikiharibika doria hurejea gizani. Kabla ya kuagiza, kamati iwaandikie KWS na polisi wa kaunti na kupata majibu kwa maandishi. Hivi ni vifaa ambavyo serikali nyingi huvitazama kwa jicho la kijeshi, na shehena iliyozuiliwa forodhani haimlindi mnyama yeyote.

Mfugaji mmoja mmoja anayesumbuliwa na simba au fisi zizini hahitaji kuingia gharama hii. Mvulana wa Kimaasai kutoka pembezoni mwa Mbuga ya Nairobi, Richard Turere, alikwisha kuonyesha ulimwengu katika jukwaa la TED mwaka 2013 kwamba taa ndogo zinazowaka na kuzimika kuzunguka boma, zikiendeshwa kwa betri ya gari na paneli ya sola, humfanya simba aamini kuna mtu macho anayezunguka. Kwa zizi, kumfukuza mnyama ni rahisi kuliko kumwona.

Kwa hifadhi zitakazonunua, malipo yasitolewe kwa kutazama picha za tangazo. Muuzaji aje na kifaa hifadhini. Mlinzi mmoja asimame mita 100 na mwingine mita 200, mmoja akiwa na fimbo na mwingine na jembe, wabadilishane bila kumwambia mtazamaji. Jaribio lifanywe saa mbili usiku mawe yakiwa bado na joto, kisha lirudiwe saa tisa. Anayetazama awe mlinzi atakayekitumia kifaa hicho, asiwe mwenyekiti, na majibu yake yaandikwe. Muuzaji asiyekubali kukesha usiku mmoja kwa ajili ya hilo aruhusiwe kurudi na mzigo wake mjini.